Abdus Salam: Mwanafizikia aliyeunganisha kani mbili za asili

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, unasimama kwa kani ambazo macho hayazioni. Kani ya uvutano ndiyo inayoteremsha maji kutoka msituni, yakapita katika mifereji ya migombani huko Machame, Kibosho na Marangu, hadi tambarare za Moshi. Kani ya sumakuumeme ndiyo inayozifunga elektroni kwenye atomu, na atomu kwa atomu, hata jiwe likawa jiwe. Ndani kabisa ya kiini cha atomu, kani kali ya nyuklia huzishikilia protoni pamoja na neutroni, ijapokuwa protoni zenyewe husukumana kwa kuwa zina chaji ya aina moja.

Ya nne ni kani dhaifu ya nyuklia. Hii hubadili aina ya chembe, kwa mfano protoni ikawa neutroni. Bila mabadiliko hayo jua lisingewaka kama linavyowaka, na kahawa na migomba ya miteremko hiyo isingestawi.

Miongoni mwa waliofumbua siri ya kani hiyo ni Profesa Abdus Salam, aliyezaliwa Januari 29, 1926 katika eneo la Jhang, jimbo la Punjab, ambalo sasa ni sehemu ya Pakistani. Akiwa na umri wa miaka 14 alipata alama za juu kuliko mtahiniwa yeyote aliyemtangulia katika mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1951 alirejea nyumbani kufundisha katika Chuo cha Serikali cha Lahore. Hapo alikutana na upweke uliomwandama maishani mwake. Hapakuwa na majarida mapya, wala mwenzake wa kujadiliana naye, na badala ya kutengewa muda wa utafiti alikabidhiwa usimamizi wa timu ya kandanda. Mwaka 1953 zikazuka ghasia dhidi ya Waahmadiyya, jumuiya ya kidini aliyokuwa mfuasi wake. Mwaka uliofuata, kwa uchungu, alirudi Cambridge. Alikuwa amelazimika kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake.

Mwaka 1957 alikuwa profesa katika Chuo cha Imperial, London. Huko alizama katika swali moja: je, kani hizi nne ni nne kweli, au baadhi yake ni sura mbalimbali za kani moja? Sheldon Glashow wa Marekani alikuwa ameweka msingi wa jibu mwaka 1961. Steven Weinberg, naye Mmarekani, alilikamilisha mwaka 1967, na Salam, kwa njia yake mwenyewe, akalitoa mwaka 1968.

Walionyesha kuwa kani ya sumakuumeme na kani dhaifu zina asili moja. Ya kwanza hubebwa na fotoni, chembe isiyo na tungamo, ndiyo maana hufika mbali. Ya pili hubebwa na chembe nzito mno, W na Z, ambazo tungamo lake ni takribani mara 86 na mara 97 ya lile la protoni. Uzito huo huifanya kani isivuke hata kiini cha atomu, na kwa sababu hiyo huonekana dhaifu. Wanasayansi hao watatu walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 1979, na mwaka 1983 chembe zenyewe zikagunduliwa katika maabara ya CERN, Geneva.

Hata hivyo, Salam hakuusahau upweke wa Lahore. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aweze kwenda kusoma na kujadiliana na wenzake, kisha arudi kwao bila kuihama nchi yake. Aliamini kuwa vipaji huzaliwa kila mahali, ila nafasi ndiyo haba.

Imani hiyo ina ushahidi hapa hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimsikiliza na kulipima jambo hilo. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, wakati Mpemba akiwa katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na baadhi yao hutafuta jibu katika vifungo vya molekuli za maji, ambavyo navyo ni kazi ya kani ya sumakuumeme.

Kwao, Salam hakuheshimiwa sawasawa. Mwaka 1974 Pakistani ilibadili katiba na kutangaza kuwa Waahmadiyya si Waislamu, naye akajiuzulu ushauri wa sayansi wa serikali. Alifariki dunia Novemba 21, 1996 mjini Oxford na kuzikwa Rabwah, Pakistani. Baadaye neno Mwislamu likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Kituo cha Trieste kilipewa jina lake mwaka 1997. Katika mkutano uliofanyika mjini humo mwaka 1985 ndipo lilipoanzia wazo la Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao yake Nairobi, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Mkenya Thomas Odhiambo. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina mshirika wake mjini Kigali, Rwanda, na kijana wa Moshi anayetaka kuzichunguza kani za atomu halazimiki tena kuvuka bahari ili aanze.