Carey Francis: Gwiji wa hesabu aliyemalizia ualimu Pumwani

MIONGONI mwa walimu waliowahi kufundisha katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ni vigumu kumpata aliyefika huko kwa njia ndefu kuliko Edward Carey Francis.

Alipoanza kazi katika Shule ya Sekondari ya Pumwani mwaka wa 1962, mzee huyo aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 65 alikuwa ameongoza shule mbili zilizotajika kuliko zote nchini kwa zaidi ya miongo mitatu. Pumwani hakupewa ukuu wowote. Aliingia darasani na chaki yake akiwa mwalimu wa kawaida.

Francis alizaliwa London mnamo Septemba 13, 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa afisa wa kikosi cha mizinga, kisha akasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako baadaye alikuwa mhadhiri na mtunza hazina wa chuo cha Peterhouse. Kitabu cha mazoezi alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa karne iliyopita, kilichapishwa mwaka wa 1928.

Mwaka huo huo aliiacha Cambridge na kuja Kenya chini ya shirika la wamishonari wa Kianglikana, CMS. Wasomi wenzake hawakukosa kushangaa.

Alipelekwa Maseno, shule ya mashambani iliyo karibu kabisa na Ikweta, ambayo wamishonari waliianzisha mwaka wa 1906. Alikuwa mwalimu mkuu huko hadi 1940. Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno na baadaye akarudi kufundisha. Ramogi Achieng' Oneko, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Jomo Kenyatta, naye alipitia shule hiyo.

Kutoka Maseno alihamishiwa Alliance High School, Kikuyu, shule iliyofunguliwa na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti mwaka wa 1926. Ndiko alikopata sifa, na lawama pia.

Hakuoa. Kaptura ilikuwa vazi lake la kila siku, naye aliwajua wanafunzi wake kwa majina. Alikuwa mkali, kiboko hakikuwa mbali, na wakati kwake ulikuwa kama amana. Aliwataka vijana wa Kiafrika wafanye mitihani ile ile ya Cambridge waliyofanya wenzao wa Uingereza, tena wapite, katika enzi ambayo walowezi wengi waliamini Mwafrika alifaa kufunzwa useremala na kilimo tu. Wakapita. Orodha ya waliotoka mikononi mwake inamjumuisha Ronald Ngala, Kenneth Matiba na mwandishi Ngugi wa Thiong'o.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumchora kama malaika. Francis alikuwa mtu wa himaya. Hakuamini kuwa Waafrika walikuwa tayari kujitawala upesi, na Mau Mau aliwapinga waziwazi. Mwanafunzi aliyeichukua elimu yake alilazimika pia kuupokea, au kuukataa kimoyomoyo, mtazamo wake kuhusu Uingereza na ustaarabu.

Mvutano huo haukuonekana wazi zaidi ya wakati wa Hali ya Hatari. Mnamo Aprili 1954, wanajeshi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wao wakazi wa Eastlands, wakawapeleka vizuizini. Miezi michache baadaye, Januari 1955, Ngugi aliingia Alliance akiwa na ndugu msituni. Likizo ya kwanza aliporudi nyumbani, hakulikuta boma lao: watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kwa nguvu.

Katika kipindi hicho, Francis aliwakemea wapiganaji, lakini hakuyafumbia macho maovu ya askari wa serikali. Aliwalalamikia wakuu wa utawala kuhusu ukatili dhidi ya raia, jambo lililowaudhi Wazungu wenzake. Ngugi, ambaye hakuwa mtu wa kuusamehe ukoloni, alimwandika kwa uangalifu katika kumbukumbu zake za shule zilizochapishwa mwaka wa 2012, bila kumtukuza wala kumbeza.

Alipostaafu Alliance mwaka wa 1962, angeweza kurudi Uingereza. Badala yake alichagua Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba za udongo za Majengo, misikiti, na Kiswahili kikiwa lugha ya vichochoro vyake. Kandokando yake ilikuwepo mitaa ya Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na Bahati, makao ya makarani, wafanyakazi wa reli na wachuuzi.

Wanafunzi wa Alliance walikuwa wamechujwa kutoka kila pembe ya nchi. Wa Pumwani hawakuwa wateule. Kwa mwalimu aliyezoea kupokea vipanga tu, hapo ndipo palikuwa mtihani wake yeye mwenyewe, na aliufanya kwa miaka minne.

Nje ya lango la shule, nchi ilikuwa inabadilika kwa kasi. Uhuru ulipatikana Desemba 1963. Mnamo Aprili 1966, Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kujiunga na upinzani katika KPU, na Oneko akamfuata. Ngala alibaki upande wa serikali. Wanafunzi wa mwalimu mmoja walipimana nguvu majukwaani katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo.

Francis alifariki Nairobi mnamo Julai 27, 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa bado ni mwalimu wa Pumwani.