Montessori, daktari aliyewafuata watoto wa walalahoi

Jina Montessori, linaloandikwa kwenye vibao vya shule za chekechea hapa Afrika Mashariki, mara nyingi zile za ada kubwa, ni la Maria Montessori, mwanamke wa Italia aliyezaliwa mwaka 1870. Alihitimu udaktari mwaka 1896. Ualimu aliuanzia kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi walishawakatia tamaa.

Januari 6, 1907 alifungua darasa katika nyumba za kupanga za San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma. Wazazi walitoka mapema kutafuta riziki. Watoto wao, wapatao 50, walishinda wakichafua kuta na ngazi. Wenye nyumba walitaka tu kuta zao zisalimike. Montessori aliwapa meza ndogo, vifaa vya kushikashika, na mwalimu ambaye hakusomea ualimu. Ndivyo alivyotaka: mtu asiye na mazoea ya kuamrisha.

Kina mama, wengine hata kusoma hawajui, ndio waliokwenda kuomba watoto wafundishwe herufi. Haukupita muda, wa miaka minne wakawa wanaandika.

Mwaka 1934, baada ya kutofautiana na serikali ya Mussolini, aliihama Italia. Alifariki Uholanzi mwaka 1952.