Ian Curtis: mwimbaji aliyeanguka jukwaani huku watu wakishangilia

Ian Curtis alikufa tarehe 18 mwezi wa tano mwaka wa 1980, akiwa na miaka 23 tu. Kundi lake, Joy Division la Manchester nchini Uingereza, lilikuwa limetoa albamu moja. Hata hivyo wapenzi wa muziki wa roki wanamzungumzia mpaka leo, hasa namna alivyokuwa jukwaani.

Alizaliwa mwaka wa 1956 huko Stretford, karibu na Manchester, akakulia Macclesfield. Mwaka wa 1976 alihudhuria tamasha la Sex Pistols mjini Manchester, ambalo liliwatia vijana wengi wa huko hamu ya kushika gitaa hata bila kujua kulipiga. Akaungana na Bernard Sumner na Peter Hook. Mpiga ngoma Stephen Morris akaja baadaye. Walipanda jukwaani mara ya kwanza mwezi wa tano 1977 kwa jina la Warsaw, na mwaka uliofuata wakabadili jina.

Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Factory, iliyotoa sahani zao, ilikuwa kampuni ndogo ya watu wa Manchester wenyewe. Kwa hiyo Ian aliendelea na kazi ya serikali mjini Macclesfield, akiwasaidia walemavu kutafuta ajira. Mchana yuko ofisini, usiku yuko ndani ya gari anaenda kuimba.

Kati ya waliofika ofisini kwake kulikuwa na msichana mwenye kifafa. Alipofariki, Ian aliumia sana, na wimbo She's Lost Control ulitokana na habari ya msichana huyo. Ugonjwa huohuo ulimshika yeye pia. Tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 1978, kundi liliimba London kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wachache mno. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Ian akaanguka kifafa ndani ya gari. Mwezi uliofuata madaktari wakathibitisha.

Usingizi mchache, pombe, uchovu na taa za kumweka-mweka huweza kuamsha kifafa, na maisha ya mwanamuziki ni hayo hayo. Ian alikuwa na namna yake ya kucheza: mikono inazunguka kwa kasi, macho yametulia mbali, mwili unatikisika. Wengi walikuja kumtazama kwa sababu ya mchezo huo. Basi kifafa kilipomkuta akiimba, watu hawakutambua. Walidhani ni sehemu ya onyesho, wakazidi kushangilia.

Angepumzika, lakini matamasha yalizidi. Mwanzoni mwa 1980 walizunguka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto mchanga, na ndoa ilikuwa inavunjika.

Tarehe 4 mwezi wa nne, kundi lilikubali kuimba mara mbili usiku mmoja mjini London. Huko Rainbow, taa zilianza kumweka-mweka, Ian akayumba na kuangukia ngoma za Morris. Wakambeba. Baada ya kupata nafuu kidogo, wakampeleka ukumbi wa pili, na huko akaanguka tena. Leo mtu anajiuliza nani aliyepaswa kusema basi. Wenzake walikuwa vijana kama yeye, na yeye mwenyewe hakupenda kuwaangusha.

Siku tatu baadaye alijaribu kujiua, akalazwa hospitali. Kesho yake alitakiwa kuimba Bury. Alipanda jukwaani kwa nyimbo chache tu, sehemu iliyobaki ikashikwa na waimbaji wengine. Watazamaji walikasirika, chupa zikarushwa, ukumbi ukawa vita.

Tamasha lake la mwisho lilikuwa tarehe 2 mwezi wa tano kwenye chuo kikuu cha Birmingham. Usiku huo waliimba wimbo mpya, Ceremony. Alijiua siku moja kabla ya safari yao ya kwanza Marekani.

Waliobaki waliendelea kwa jina la New Order, na Ceremony ukawa wimbo wao wa kwanza kutolewa, mwaka wa 1981. Kwa kuwa Ian hakuwa ameacha maneno yake kwenye karatasi, ilibidi wasikilize kanda tena na tena, wakikisia alichokuwa akiimba.