IBN AL-NAFIS NA NJIA YA DAMU

Kila mwanafunzi wa uuguzi aanzapo kusoma habari za mwili wa binadamu hufundishwa mapema kuwa moyo una vyumba vinne, viwili upande wa kuume na viwili upande wa kushoto, na kwamba damu iliyo upande wa kuume haifiki upande wa kushoto ila kwa kupitia mapafuni. Leo somo hili laonekana jepesi. Lakini kwa miaka ipatayo elfu moja matabibu wakubwa waliamini vingine, na yule ajulikanaye kuwa wa kwanza kulisahihisha jambo hilo kwa maandishi alikuwa tabibu Mwislamu, Ibn al-Nafis.

Alizaliwa karibu na Dameski, katika nchi ya Shamu, mwanzoni mwa karne ya 13. Alijifunza utabibu katika hospitali iliyojengwa mjini humo na Sultani Nur al-Din, na mwalimu wake alikuwa al-Dakhwar, bingwa wa zama zile. Kisha alihamia Kairo, nchini Misri, akatibu wagonjwa, akatunga vitabu, na pia akasomesha sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafii.

Siku hizo kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, ilikuwa kama sheria. Yeye alifundisha kuwa ukuta ulio katikati ya moyo una vitundu visivyoonekana, na kwamba damu hupenya humo kutoka kuume kwenda kushoto. Hata Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha Qanun kilikuwa tegemeo la wanafunzi wote, hakuitengua kauli hiyo.

Ibn al-Nafis aliandika sherehe, yaani ufafanuzi, wa sehemu za Qanun zihusuzo viungo vya mwili, kazi iliyokwisha kuandikwa kufikia mwaka 1242. Humo alikanusha waziwazi. Alisema ukuta ule ni mnene na mgumu, wala hauna tundu lionekanalo wala lisiloonekana. Kwa hiyo damu ya chumba cha kuume haina budi kwenda mapafuni kwa mshipa wake, ichanganyike humo na hewa, kisha irudi katika chumba cha kushoto. Tena alisema kuwa moyo wenyewe hulishwa na mishipa iliyoenea katika nyama yake.

Si kwamba alijua yote. Mzunguko wa damu katika mwili mzima ulielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628, na vimishipa vyembamba vya mapafu vilionekana kwa darubini ya Marcello Malpighi wa Italia mwaka 1661. Kazi ya Ibn al-Nafis juu ya mapafu ilisahauliwa mno, hata mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoidhihirisha tena kutokana na maandishi ya mkono yaliyohifadhiwa Berlin.

Wanahistoria wasimulia kuwa alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, kwani hakutaka kukutana na Mola wake hali pombe imo mwilini mwake. Alifariki mwaka 1288, na nyumba yake pamoja na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri ya Kairo, ili wagonjwa na wanafunzi wafaidike.

Ndugu msomaji, mtu huyu aliwaheshimu waliomtangulia, kwani alitumia umri wake kuvieleza vitabu vyao. Lakini heshima hiyo haikumfanya aone tundu pasipo na tundu. Nawe uliye mwuguzi, ushikapo mkono wa mgonjwa kuhesabu mapigo ya moyo, andika hesabu uliyoipata kwa vidole vyako, si ile unayodhani mkubwa wako angependa kuisoma. Uhai wa mgonjwa huweza kutegemea ukweli huo mdogo.