Padre Cecil Majaliwa wa Chitangali

Sisi wa upande wa Nambilanje twawakumbuka sana Maaskofu. Haifai tumsahau Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyetiwa utumwani utotoni, akakombolewa, akalelewa Unguja. Mwaka 1886 Misheni ya UMCA ilimtuma Chitangali, kwa Nakaam, mkuu wa Wayao. Na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hiyo. Yeye na jamaa yake walikaa kati ya wenyeji, pasipo Mzungu wa kumwongoza kila siku. Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba. Na kazi hii, twaona, ndiyo kubwa kuliko zote: vijana aliowafundisha wakawa walimu wa vijiji vingine. Alipoondoka kurudi Unguja, wao walibaki.