Habari za Padre Matteo Ricci

Matteo Ricci alizaliwa mwaka 1552 katika mji wa Macerata, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa mwuza dawa, naye alitaka mwanawe asome sheria apate cheo, akampeleka Rumi. Lakini kijana alipokuwa na umri wa miaka 18 aliiacha sheria, akaingia katika shirika la mapadre waitwao Wajesuiti. Huko alifundishwa hesabu, elimu ya nyota, na kazi ya kuchora ramani.

Mwaka 1578 alipanda merikebu huko Lisbon, mji wa Wareno, akazunguka Afrika kwa bahari mpaka Bara Hindi. Hata mwaka 1582 akafika Macau, bandari ya pwani ya Uchina waliyokaa Wareno. Siku zile mgeni hakuweza kukaa ndani ya Uchina ila kwa ruhusa ya wakubwa, na ruhusa ilikuwa shida kupata, kwa kuwa Wachina waliwadhania watu wa nchi nyingine kuwa hawana elimu wala adabu. Basi Ricci akafanya shauri kwamba kabla ya kumfundisha mtu ye yote atakuwa mwanafunzi kwanza.

Kazi hiyo ilikuwa nzito. Wachina hawaandiki kwa herufi chache kama sisi, bali kwa alama maelfu, na kila alama ina maana yake. Tena katika kusema, sauti ikipanda au ikishuka, maana hugeuka. Ricci alijifunza siku zote, hata akaweza kutunga vitabu kwa Kichina safi. Kimoja kilihusu urafiki, nacho kilipendwa sana na wasomi wa nchi ile.

Mwaka 1583 yeye na mwenzake walipata ruhusa ya kukaa katika mji wa Zhaoqing. Walinyoa vichwa wakavaa kama makuhani wa dini ya Buddha, wakidhani ndiyo njia ya kupata heshima. Lakini baada ya miaka Ricci alitambua kuwa katika Uchina wenye heshima kuu ni wasomi. Hakuona haya kukiri kosa lake. Mwaka 1595 alifuga ndevu, akavaa joho la hariri kama wasomi. Jina lake la Kichina lilikuwa Li Madou.

Taabu zilimpata nyingi. Mwaka 1589 liwali mpya alimfukuza Zhaoqing. Mwaka 1592, katika mji mwingine, wezi walivamia nyumba yake usiku. Akaruka dirishani akaumia mguu. Hata hivyo hakurudi kwao.

Nyumbani kwake alitundika ramani ya dunia. Wachina walioitazama walistaajabu, maana katika ramani zao wenyewe Uchina ilijaza karibu dunia yote, na nchi nyingine zilikuwa kama visiwa vidogo kandokando. Ricci hakuwacheka. Alichora ramani nyingine kwa maandishi yao, akaiweka Uchina karibu na katikati, lakini ukubwa wa nchi nyingine hakuuficha.

Naye aliandika habari za Uchina kwa watu wa Ulaya. Alieleza habari za chai, za vijiti vya kulia chakula, na za vitabu vilivyopigwa chapa kwa bei ndogo. Zaidi ya yote alistaajabia mitihani. Kila mtahiniwa alifungiwa peke yake katika chumba kidogo, akilindwa na askari. Alipomaliza, karatasi yake ilinakiliwa na mwandishi mwingine, ili wasahihishaji wasimjue kwa mwandiko wake. Aliyeshinda alipewa kazi ya serikali, hata akiwa mtoto wa maskini. Ricci aliona kuwa katika nchi ile wasomi waliheshimiwa kuliko wapiga vita.

Lakini hakusifu tu. Alieleza pia kwamba wazazi maskini waliuza watoto wao, wengine waliua watoto wa kike wachanga, na mahakimu waliwapiga watu kwa mianzi mpaka wengine wakafa. Tena aliona kuwa elimu ya hesabu ilidharauliwa, kwa sababu haikuleta cheo.

Mwaka 1601 aliingia Beijing akimletea mfalme zawadi, na katika hizo zilikuwamo saa zilizojigonga zenyewe. Mfalme hakumwonyesha uso wake kamwe. Lakini alizipenda saa, akamruhusu Ricci kukaa mjini. Huko, pamoja na msomi mmoja aliyeitwa Xu Guangqi, Ricci alifasiri vitabu sita vya kwanza vya Euclid vya elimu ya maumbo. Vilipigwa chapa mwaka 1607, na baadhi ya maneno waliyoyatunga yanatumika katika shule za Uchina mpaka leo.

Jambo moja lilikuwa gumu. Wachina waliwaheshimu wazee wao waliokufa, na mwalimu wao Confucius, kwa kuinama na kufukiza ubani. Je, hiyo ni ibada? Ricci, baada ya kusoma vitabu vyao, aliona kuwa ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Baada ya kufa kwake watu waligombana sana kwa neno hilo. Mwaka 1742 Baba Mtakatifu alikataza kabisa desturi hizo kwa Wakristo. Mwaka 1939 zikaruhusiwa.

Ricci alikufa Beijing tarehe 11 Mei 1610. Mfalme alitoa kiwanja cha kumzikia, heshima ambayo mgeni kama yeye hakuwa ameipata kabla yake, na kaburi lake lipo hata leo. Aliingia katika nchi ile akihesabiwa kuwa mtu asiye na elimu. Alipokufa, wasomi wakubwa walimlilia kama mwenzao. Alikuwa amekaa miaka mingi akijifunza kwao, na kwa hiyo walikubali kujifunza kwake.