Roald Dahl: Rubani Aliyeanzia Dar es Salaam

Wasomaji wengi wa vitabu vya watoto wanamfahamu Roald Dahl kuwa ni mwandishi. Walio wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kushika kalamu alikuwa rubani wa ndege za kivita, na kwamba safari yake ya kwenda angani ilianzia Dar es Salaam na Nairobi. Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi habari za mtu huyo, kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali moja zito: ni kitu gani kinachompandisha mtu katika ndege ya vita, na ni kitu gani kinachomrudisha humo baada ya kuonja mauti?

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba, 1916, huko Llandaff, Wales, kwa wazazi wenye asili ya Norway. Alikuwa na miaka mitatu tu dada yake na baba yake walipofariki dunia, wakifuatana kwa muda wa majuma machache. Alipomaliza shule hakutaka kwenda chuo kikuu. Alitaka kazi ambayo ingempeleka nchi za mbali, naye akaipata katika kampuni ya mafuta ya Shell, iliyomleta Dar es Salaam mwaka 1938.

Vita vilipoanza Septemba, 1939, alikabidhiwa kikundi cha askari wa King's African Rifles ili kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi mjini. Novemba mwaka huo aliiacha kazi yake ya mshahara mzuri, akaenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Hapana budi tuseme kweli kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa vijana wa Kizungu. Waafrika wa nchi hizi walipewa bunduki na mizigo; kiti cha rubani hakikuwa chao.

Kwa hakika, hapo mwanzo kilichomvuta Dahl kilikuwa furaha ya kuruka. Ijapokuwa urefu wake, karibu mita mbili, ulimtaabisha katika ndege ndogo ya mafunzo aina ya Tiger Moth, aliruka peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 tu za kufundishwa, akawa akitazama wanyama wa nyika za Kenya kutoka juu. Walikuwa vijana 16 katika kundi lake. Waliouona mwisho wa vita walikuwa watatu.

Baada ya mafunzo zaidi huko Iraq, tarehe 19 Septemba, 1940, aliamriwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake, Skwadroni ya 80, katika jangwa la Misri. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na kiwanja. Mafuta yalikaribia kwisha na giza likaingia. Akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga jiwe na kuwaka moto. Alijikokota nje akiwa amevunjika fuvu la kichwa, na kwa majuma kadhaa hakuona.

Madaktari walitia shaka kama angeweza kuruka tena. Hakuna ambaye angemlaumu kama angerudi nyumbani. Lakini baada ya miezi mitano alithibitishwa kuwa mzima, na Aprili, 1941, akawafuata wenzake Ugiriki, akiwa na saa chache mno za mazoezi katika ndege mpya aina ya Hurricane. Tarehe 20 Aprili, Hurricane 12 zilipambana na kundi kubwa la ndege za Kijerumani juu ya Athens. Tano ziliangushwa na marubani wanne wakauawa. Dahl alirudi salama. Tunaona kwamba hapo haikuwa tena furaha ya kuruka. Ilikuwa ni kutokubali kuwaacha wenzake wachache wabebe mzigo peke yao.

Maumivu makali ya kichwa yalimwondoa angani mwaka huohuo. Mwaka 1942 alipelekwa Washington kufanya kazi katika ubalozi, na huko akaandika habari ya ajali yake. Gazeti moja la Marekani liliichapa kwa kichwa kilichosema kuwa alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa, wala haikuwa Libya. Mwaka 1986, katika kitabu cha kumbukumbu zake, alieleza bayana kwamba hakuna adui aliyemwangusha.

Sisi ambao kazi yetu ni kuandika habari za jeshi tunaliona jambo hilo kuwa funzo kubwa. Habari iliyotiwa chumvi ilimpa sifa ambayo hakuihitaji. Kutua gizani bila mafuta, kisha kurudi vitani baada ya miezi mitano, ni ushujaa wa kutosha. Aidha, taarifa ya uongo juu ya ajali huficha kosa lililoileta, na kosa lililofichwa humsubiri rubani mwingine.

Dahl alifariki tarehe 23 Novemba, 1990, akiwa na umri wa miaka 74. Askari anayeandika taarifa yake leo, awe katika doria au katika kituo cha polisi, na aandike yaliyotokea kama yalivyotokea.